Kumtafutia Mzee Kitambulisho cha Matibabu Bila Malipo: Pa Kuanzia na Wa Kumwona

Familia nyingi huanza kuhangaikia karatasi za mzee siku ambayo tayari amelazwa, na hapo ndipo kila jambo huwa gumu, kwa sababu anayetakiwa kutoa maelezo ni mgonjwa na anayemuuguza hajui hata kadi yake ya mpiga kura imewekwa wapi. Nawasihi wenye wazazi na walezi wao Tanzania Bara waifanye shughuli hii mapema, mzee akiwa bado anaweza kwenda mwenyewe hadi ofisi ya serikali ya mtaa na kujieleza kwa mdomo wake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, nao utaratibu wa Serikali ni kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Maneno "wasio na uwezo" yana uzito wake. Mstaafu mwenye bima atatibiwa kwa bima yake. Njia hii imewekwa kwa ajili ya mzee asiye na kipato cha kutosha wala mtu wa kumgharamia, na hali hiyo haithibitishwi hospitalini bali mtaani au kijijini anakoishi, na watu wanaomjua.

Kabla ya kwenda popote, kusanyeni ushahidi wa umri: kitambulisho cha Taifa au namba yake ya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa), kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo. Vitandazeni vyote juu ya meza na mvisome kwa makini jina kwa jina, maana wazee wengi waliandikishwa na makarani tofauti, na herufi moja iliyozidi au jina la baba lililoachwa inatosha kumrudisha mtu nyumbani. Majina yakitofautiana, wakili au hakimu anaweza kuapisha kiapo kinachoeleza kuwa yote ni ya mtu mmoja. Asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa asibuniwe mwaka mmoja leo na mwingine kesho. Tafuteni tukio analolikumbuka, mlinganishe na umri wa ndugu zake, kisha mwaka mtakaokubaliana utumike katika kila fomu.

Shangazi yangu alijua tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Tulipofika kuandikishwa, mashine ilikataa kusoma alama za vidole vyake, kwa kuwa jembe na mbuzi ya kukunia nazi vilikuwa vimezisaga kwa miaka mingi, naye akaanza kuificha mikono ndani ya kanga kana kwamba amekosea. Kijana aliyekuwa akimhudumia alimwamkia upya, akampangusa kwa kitambaa chenye maji, akajaribu kidole kimoja kimoja bila haraka, hadi gumba la kushoto likakubali. Nalieleza hili ili msikate tamaa mapema: ombeni vidole vyote vijaribiwe, na kama siku hiyo imeshindikana, ulizeni utaratibu mbadala kabla ya kuondoka.

Hatua inayofuata ni kumwona mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji pamoja na mtendaji, mkiwa na picha ndogo za mzee, ili apatiwe barua ya utambulisho inayotaja umri wake, makazi yake na kwamba hana uwezo wa kujigharamia. Barua hiyo hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ili mzee apatiwe kitambulisho cha matibabu bila malipo. Huyu ndiye mtu wa kumjua kwa jina na kwa namba ya simu, kwa kuwa ushauri juu ya karibu kila huduma ya wazee hupitia kwake. Mwulizeni pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamgusaje mzee wenu, kwa kuwa taratibu za vitambulisho zinaweza kubadilika kadiri sheria hiyo inavyotekelezwa.

Mkifika kituoni, ulizeni dirisha la wazee, na mzee mwenyewe asalimiwe na kuulizwa anaumwa nini. Msindikizaji aongeze tu pale anaposahau. Tatizo kubwa huwa dawa. Kitambulisho kinaweza kupokelewa vizuri, daktari akaandika vizuri, kisha dirishani mkaambiwa dawa haipo, mkanunue nje. Ilitutokea mara mbili, na mara ya pili ndipo tulipoelekezwa kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali hiyohiyo, ambako tulisikilizwa na dawa mbadala ikapatikana. Basi msiondoke na cheti cha dawa mkononi kabla ya kupita ofisi hiyo.

Kuhusu TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaosaidia kaya maskini, fahamuni kwamba ruzuku haiombwi dirishani. Kaya maskini hutambuliwa katika mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, kwa hiyo mzee asiyeweza kufika mkutanoni awe na mtu wa kumtaja. Baraza la wazee la eneo lenu linaweza kuibeba sauti hiyo.

Mambo ya shamba, mirathi na nyumba yapelekeni kwa wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hawatozi ada. Mama mzee akianza kusemwa kuwa ni mchawi, msisubiri maneno yapoe. Katika maeneo ya Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia. Toeni taarifa polisi na kwa mtendaji siku hiyohiyo, na mzee asilale peke yake.

Karatasi zote zikishapatikana, zitieni katika mfuko mmoja wa plastiki usiopenya maji, na nakala zikae kwa jirani anayeaminika. Namba ya afisa ustawi iandikwe kwa tarakimu kubwa ndani ya mlango, mahali ambapo hata mjukuu anayejua kusoma kidogo ataiona usiku.