Sato anakula vifaranga wake: namna ya kuwawahi kabla hawajamezwa

Habari zenu wadau. Jumamosi nilikuwa Chanika kwa dada mmoja ana matanki mawili ya sato (tilapia) nyuma ya nyumba, alinipigia usiku sauti inatetemeka, "kaka huyu mama jana alikuwa na watoto mdomoni nimewaona kwa macho yangu, leo hamna hata mmoja". Nilienda asubuhi tukashinda nae mpaka jioni, na kwa vile swali hili naulizwa kila mwezi nimeona niandike tuliyofanya.

Kwanza elewa kinachotokea. Sato jike akitaga anayachota mayai yote na kuyaatamia mdomoni. Kwa joto letu yanaanguliwa siku ya 3 mpaka ya 5 hivi, halafu vifaranga wanaendelea kukaa mdomoni mpaka kile kiini walichozaliwa nacho kiishe, jumla inakuja kama siku 10 mpaka 14. Muda wote huo mama hali, au anakula kidogo mno. Sasa ana njaa, dume anamfukuza huku na huku, watoto wa nyumbani wanagonga gonga tanki, anaona hapa hakuna usalama, anameza. Au anatema, na akitema wenzake ndo wanawamaliza, kwahiyo mara nyingi mama anasingiziwa, walaji ni wale wengine mliowaacha nae.

Na sio sato peke yake. Kuna samaki wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni, nae anaatamia mdomoni, na mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa utafiti unaoonyesha mama anameza baadhi ya watoto wake na kwamba kula huko kunaendana na kupungua kwa madhara ambayo kuatamia kunamletea mwilini. Kuna samaki wengine baba ndo mlinzi wa mayai kwenye kiota, akiona yamebaki machache sana anakula yote aanze upya, maana kulinda mayai 10 kunamchosha sawasawa na kulinda 1,000. Guppy, wale samaki wadogo wa mapambo wa kwenye matanki ya vioo, yeye halei kabisa, akishazaa, chochote kinachoenea mdomoni ni chakula. Nawaambia haya ili mtu asiende kumuua mama kwa hasira, nimeshaona mtu anafanya hivyo na iliniuma sana.

Hatua ya 1: Tanki la kuzalishia
Kujaza maji na kufunga pampu ya hewa mnajua. Maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili kwanza. Dume mmoja kwa majike watatu, usizidishe madume. Zamisha vipande vya bomba la inchi nne, jike apate pa kujificha.

Hatua ya 2: Mjue mwenye mayai
Kidevu kimevimba, hasogelei chakula, amejitenga kwenye kona na mdomo unatafuna tafuna kama ana kitu. Andika tarehe ukutani kwa chaki, usitegemee kichwa.

Hatua ya 3: Kumtoa mama
Hapa ndo pananigharimu maneno mengi maana hapa ndo nilipoteza vifaranga wa miezi mizima kabla sijajua. Kosa la watu wote ni kuchukua wavu mkubwa mchana jua linawaka, kumkimbiza mama tanki zima, kumnyanyua juu hewani. Akitoka tu kwenye maji anatema au anameza, umeshamaliza kazi. Fanya alfajiri maji yakiwa yamepoa, toa kwanza wale wengine wote taratibu abaki yeye peke yake, hii peke yake inaweza kukuchukua saa nzima na usiharakishe. Halafu zamisha ndoo ndani ya tanki, msogeze polepole kwa wavu laini mpaka aingie mwenyewe, unyanyue ndoo na maji yake, mama asiguse hewa kabisa. Mpeleke kwenye tanki dogo lenye giza, funika na gunia, usimchungulie kila baada ya dakika tano (huyo dada alikuwa anamulika na tochi ya simu kila usiku, na mimi naamini tochi ndo ilimponza). Siku ya 10 hivi anza kuangalia, ukiona vifaranga wanatoka kuogelea na kurudi mdomoni, mtoe yeye, waache wao.

Akitema mayai mapema usiyaache yalale chini, yatashika ukungu. Mimi natumia chupa ya soda iliyokatwa kitako, naigeuza shingo iwe chini, maji yanaingia taratibu kupitia mdomo wa chupa, mayai yanazunguka humo mpaka yanaanguliwa. Kwangu hii ni bora kuliko vifaa vya bei wanavyowauzia.

Tena kuhusu wavu, tafadhali sana, USITUMIE chandarua chenye dawa, hata cha zamani, hata umekifua. Ile dawa ya mbu ni sumu kali kwa samaki. Mimi nilishona wavu wa boksi kwa chandarua cha nyumbani, asubuhi nikakuta vifaranga wote wameelea juu, na siku nzima nilikuwa nalaumu maji. Nunua neti isiyo na dawa, uliza mara mbili kabla hujalipa.

Hatua ya 4: Kuwalisha na kuwachambua
Vifaranga nao wanakulana, mkubwa anammeza mdogo. Kwahiyo kila wiki chambua kwa saizi, wakubwa tanki lao, wadogo lao. Chakula ni dagaa aliyesagwa na kuchekechwa mpaka awe unga kabisa, kidogo kidogo mara tano kwa siku, pumba tupu haiwatoshi. Mwenye njaa ndo anaanza kuangalia mwenzake. Na usimweke kambale humo eti ni mdogo, wafugaji wanamweka kwenye bwawa la sato makusudi ili apunguze vifaranga.

Hatua ya 5: Mama
Usimrudishe kwa dume siku hiyo hiyo. Huyu ametoka kwenye wiki mbili karibu za njaa, mpe chakula kizuri peke yake wiki moja au mbili mpaka tumbo lirudi. Wa yule dada amekonda mpaka kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, sasa hivi yuko tanki la pembeni, na jana ameniambia ameanza kupanda juu kufuata dagaa.