Kufuatilia moshi wa moto wa nyika kwa picha za setilaiti

Moshi unapotanda Masasi au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wakati wa kiangazi na hakuna anayejua unatoka wapi, fungua tovuti ya Worldview ya NASA, ambayo ni ya bure, kisha uweke picha ya rangi halisi pamoja na alama nyekundu za moto. Alama hizo huonyesha joto, si moshi. Moshi wenyewe ni utando wa kijivu uliofifia, mwembamba kwenye chanzo na unaopanuka kadiri unavyosukumwa na upepo, ilhali wingu huwa jeupe lenye kingo zilizo wazi zaidi. Kusi linapovuma, chanzo kitafute kusini-mashariki, hata ng'ambo ya Mto Ruvuma, kabla ya kumshuku jirani aliyechoma majani chini ya mikorosho yake. Ukilinganisha picha ya setilaiti ya Terra, ya asubuhi, na ile ya setilaiti ya NOAA-20, ya mchana, utaona utando umesogea kiasi gani, ingawa picha hazisemi kama moshi uko juu au umeshuka hadi puani mwetu. Alama moja ya moto ya VIIRS, kifaa cha kupigia picha kilichomo kwenye NOAA-20, huwakilisha takriban mita 375 kila upande, kwa hiyo haitoshi kumtaja mwenye shamba.