Flashi ipi ni ipi? Itambue kwa amri kabla hujaifuta

Mezani kwangu hapa Nasser Road, Kampala, utakuta flashi tatu nne zimechomekwa kwenye kompyuta moja: za wateja wa kuchapisha, na yangu ya kusakinishia Linux. Siku moja umeme ulikatika. Mashine ilipowaka tena nikaandika `dd`, amri inayoandika juu ya diski nzima na kufuta vilivyomo, kuelekea `/dev/sdb` (jina ambalo Linux huipa diski) kama kawaida. Kumbe sdb sasa ilikuwa diski ya mteja, imejaa picha za harusi. Hakunigombeza, alikaa akitazama skrini tu, na hilo liliniuma zaidi.

Herufi hizo za mwisho, kama b ya sdb, hugawiwa kadiri vifaa vinavyoonekana. Mashine ikizimwa na kuwashwa, zinaweza kubadilishana.

Hatua ya 1. Kabla ya kuchomeka, andika `sudo dmesg -w`. Sasa chomeka, uone mistari ikishuka. Yangu ilisema:

`[sdc] 30310400 512-byte logical blocks: (15.5 GB/14.5 GiB)`

Kwenye ganda imeandikwa GB 16. Hujaibiwa: 14.5 ni ile 15.5 ikihesabiwa kwa 1024, si 1000, na kiasi kidogo cha ile 16 hutumiwa na flashi yenyewe. Toka kwa Ctrl+C.

Hatua ya 2. Hii ndiyo naitegemea:

`lsblk -d -o NAME,SIZE,TRAN,MODEL,SERIAL`

Tazama safu ya TRAN. Diski ya ndani itaonyesha `sata` au `nvme`, flashi, `usb`. Lakini diski ya nje nayo ni `usb`, kwa hiyo usiishie hapo: soma ukubwa, kisha namba ya SERIAL. Flashi mbili za aina moja hutofautiana hapo tu. Zile za bei ya chee wakati mwingine hazina namba ya maana. Hizo chomeka moja moja. (`lsusb` itakutajia kifaa, lakini haikwambii ni sdb au sdc.)

Hatua ya 3. `ls -l /dev/disk/by-id/ | grep usb`

Utaona jina refu lenye namba ile ile, na mshale kuelekea `../../sdc`. Mpe `dd` jina hilo refu. Linachosha kuandika, ila umeme ukatike mara kumi halihamii kifaa kingine. Chagua lisiloishia na `-part1`, maana hilo ni sehemu moja tu ya flashi.

Hatua ya 4. `lsblk -f /dev/sdc` ikuonyeshe lebo na mahali ilipofunguliwa. Ukiona lebo usiyoijua, muulize mwenyewe kwanza. Kisha ifunge: `sudo umount /dev/sdc1`.

Ukimaliza kazi: `sync` ili data yote imalizike kuandikwa, halafu `udisksctl power-off -b /dev/sdc` kuizima. Rudia `lsblk`, ikishatoweka, chomoa.