SOMO: Jinsi ya kupiga hesabu ya fedha za TANF za jimbo lako (Marekani)

Wakuu, TANF ni msaada wa serikali kwa familia maskini zenye watoto, na swali la "hizi hela ni za Washington au za jimbo?" nimelijibu mpaka nimechoka. Ni za pande zote mbili. Akiuliza mwingine, mwelekezeni hapa.

1. Chukua fungu la serikali kuu. Nchi nzima ni kama dola bilioni 16.5 kwa mwaka. Halijapandishwa kufuata mfumuko wa bei tangu sheria ya 1996 iliyoanzisha TANF, na wanaoumia ni watoto.

2. Tafuta jimbo lilitumia kiasi gani mwaka wa fedha 1994 kwenye programu zilizotangulia TANF.

3. Piga asilimia 80 ya hiyo. Jimbo likifikisha kiwango cha wazazi walio kazini, ni asilimia 75. Huo ndio mchango wake wa lazima.

4. Jumlisha kilichotolewa kweli. Hapa niliwahi kuharibu. Nilijumlisha kila senti iliyoziendea familia maskini, nikawatangazia watu kwamba jimbo limevuka lengo. Haikuwa kweli. Programu ambayo haikuwa sehemu ya mfumo wa zamani huhesabiwa ile nyongeza tu juu ya matumizi yake ya 1995. Ilikuwa milioni 10, leo ni milioni 14? Andika 4, siyo 14. Tena angalieni msihesabu fedha ambazo jimbo limezitumia kama mchango wake kwenye programu nyingine ya serikali kuu. Jimbo likipungukiwa, fungu la mwaka unaofuata hukatwa kiasi kilekile, na pengo lazima lizibwe kwa fedha za jimbo.

5. Gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 15 ya fedha hizo.

Mpita Njia: Kwa kifupi nitapata dola ngapi?

Jibu: Kila jimbo lina viwango vyake. Soma kichwa cha somo.

Mpita Njia: Si ungejibu tu?

Jibu: Hujataja jimbo, watoto wala kipato. Nijibu nini?

Mama Wawili: Samahani mwalimu, dada yangu amepitisha miezi 60 na bado analipwa. Inawezekanaje?

Jibu: Umeuliza la maana, dada. Ukomo wa miezi 60 unabana fedha za serikali kuu. Jimbo likimlipa kwa fedha zake lililozitenga kando, ukomo huo haumgusi. Pia jimbo linaweza kuendelea na hadi asilimia 20 ya familia kwa sababu ya shida kubwa. Na kama wanaolipiwa ni watoto peke yao, miezi hiyo haihesabiwi.

Kisiwani: Na sisi wenye kadi mpya ya ukaazi?

Jibu: Wengi husubiri miaka 5 kwa fedha za serikali kuu, ila majimbo mengine huwasaidia kwa fedha zao. Uliza hivi: "Programu hii inalipwa na mfuko upi?"

Mama Wawili: Kisiwani, ukienda beba na karatasi inayoonyesha tarehe uliyopata hadhi hiyo. Miaka 5 huanzia hapo.