Usitupe hamira ya chini ya ndoo, tumia tena

Ukishahamisha bia uliyopika nyumbani kwenye chupa, chini ya ndoo linabaki tope zito la rangi ya krimu na wengi huwa wanalisuuza tu linaenda na maji, kumbe ile ndo hamira yenyewe, tena imezaliana ni nyingi kuliko uliyonunua.

Ila sio kila tope linafaa. Kama bia ilikua kali, haidromita (kifaa cha kupima sukari kabla haijachacha) ilianza juu ya 1.060, au ulijaza hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu), achana nalo, hamira imeshachoka. Na onja bia kwanza, ikiwa na uchachu usioeleweka usijirithishe matatizo.

Kuvuna ni rahisi: acha bia kidogo juu ya tope, zungusha ndoo mpaka lilegee, mimina kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana ambayo umeshaiua vijidudu, weka friji. Mfuniko usikaze jamani, gesi inaendelea kutoka na kioo kinaweza kupasuka. Kesho yake utaona matabaka, bia juu, hamira nyeupe katikati, uchafu mweusimweusi chini kabisa, we unachotaka ni ile ya katikati.

Kuna wanaoiosha na maji yaliyochemshwa, mimi siwaungi mkono. Ile bia ya juu ina alkoholi, asidi na hopsi, vyote hivyo vinawabana bakteria, sasa ukiimwaga ukaweka maji si umeondoa mlinzi mwenyewe?

Siku ya kupika bia nyingine, mwaga bia ya juu, chota kama mililita 200 za hamira nzito kwa lita 20 za bia ya kawaida. Usimwage bia mpya juu ya tope zima eti kurahisisha kazi, hamira ikizidi harufu za matunda zinapungua na hamira zilizokufa zinakuja zote.

Ndani ya wiki 2 iko poa. Ikipita mwezi iamshe kwanza: gramu 100 za dondoo kavu ya kimea (DME, sio kimea kilichosagwa tu) kwa lita 1 ya maji, chemsha dakika 15, ipoe kabisa ndo uweke hamira, afu subiri povu. Inukie mkate, ikinuka mpira au nyama iliyooza mwaga.

Anza na bia nyepesi uende kwenye nyeusi na kali, sio kinyume, na baada ya kupika mara 5 hivi, au ukiona ladha imeanza kuhama, nunua pakiti mpya.