Vitenzi vya Kiingereza kwa anayeutafuta uongozaji mlimani

Darasa langu la jioni hapa Moshi limejaa wapagazi na wapishi wa Kilimanjaro wanaotaka kuwa waongoza watalii. Wengi huja na daftari lenye jedwali la nyakati kumi na mbili, wamelikariri tangu sekondari, na bado mgeni akiwauliza jana mlilala wapi wanabaki kutabasamu. Nawaambia walifunge kwanza. Jedwali halina kosa, ila halikufundishi kuongea.

Shika kitenzi kimoja cha kawaida, tuseme "walk". Kina maumbo manne: walk, walks, walked, walking. Basi. Nyakati zote zinatengenezwa kwa hayo manne pamoja na visaidizi vinavyotangulia: do, be, have, will. Sisi tunapachika alama mbele ya mzizi: ninatembea, nilitembea, nimetembea, nitatembea. Wao nyingine wanazitia mkiani, nyingine wanazisimamisha peke yake. Kwa hiyo usijiulize huu ni wakati namba ngapi. Jiulize ungesema nini kwa Kiswahili, halafu tafuta mwenzake.

Tuanze na "hu". Mimi hubeba mizigo: I carry bags. Hapa ndipo wengi wanateleza, maana "ninabeba" yetu inabeba maana zote mbili, ya kazi ya siku zote na ya sasa hivi, nao wanaipeleka yote kwenye "I am carrying". Mgeni amekuuliza unafanya kazi gani, mmekaa mezani mnakunywa chai, unamjibu "I am carrying bags". Atakutazama kichwani aone begi liko wapi. Kazi na mazoea ni carry. Kinachotendeka sasa ndicho chenye am, is au are na mkia wa ing: we are walking to Horombo, kambi ya njia ya Marangu.

Kwa he, she na it, ongeza s: the cook boils water. Carry inakuwa carries, lakini stay inabaki stays kwa sababu kabla ya y kuna irabu. Watch inakuwa watches. Haya yanazoeleka upesi.

Sasa "li". Mwenzake ni ed, na nafsi zote zinaitumia sawasawa: I walked, she walked, they walked. Kuandika si shida. Shida ni kutamka, na hapo natumia jioni nyingi kuliko mahali pengine popote. Ulimi wetu umezoea silabi kuishia na irabu, kwa hiyo mtu anasema "wokedi", "kukedi", "klaimbedi". Mkia huo una sauti tatu. Baada ya k, p, f, s, sh na ch ni t tupu: walked ni "wokt", helped ni "helpt". Baada ya irabu na sauti nyingine zinazotetemesha koo ni d tupu: carried, arrived, climbed, na ile b ya climb haitamkwi kabisa. Weka kidole kooni useme m, kisha useme k, utaisikia tofauti. Silabi nzima inaongezeka tu pale kitenzi chenyewe kinapoishia na sauti ya t au d: waited, needed, started.

Dawa ninayoiamini ni kuweka baada yake neno linaloanza na irabu. Walked up, itamke "wok-tap". Climbed it, "klaim-dit". Ulimi umepata irabu yake, ile e ya kubandika haina kazi tena.

Tahajia naipitia haraka: arrive inaongezewa d tu, carry inageuza y kuwa i, stop na plan zinarudia konsonanti ya mwisho, stopped, planned. Wait hairudii, ina irabu mbili.

Ukikanusha au ukiuliza, "did" inachukua wakati uliopita wote na kitenzi kinarudi utupu wake. Did you climb Meru? I didn't climb. Kamwe si "didn't climbed". Hata sisi tukisema sikupanda, ile "li" imeshaondoka, "ku" imekaa mahali pake.

"Me" ni have au has na umbo la ed: I have climbed Kilimanjaro many times. Sentensi hii iwe mdomoni siku ya usaili. Ila ukitaja jana au mwaka jana, rudi kwenye ed peke yake, kama ambavyo ungesema nilipanda jana. Na "sijafika" ni I haven't arrived yet.

"Ta" ni will na kitenzi kitupu: we will start at midnight. Hakuna zaidi.

Mazoezi: chukua njia ya Marangu. Andika safari nzima kama imepita: we started at the gate, stayed at Mandara, reached Horombo, 3,720 metres. Kisha iandike upya kama itakuwa kesho, kwa will, ukimwelezea mgeni aliyetua leo. Kisha kama desturi ya mpishi wenu: he carries, he cooks, he washes. Soma kwa sauti, mwenzako asikilize mikia.

Go, sleep, bring, take na ndugu zao hawafuati haya, wana daftari lao. Ila ukikwama mbele ya mgeni, wakwepe. Badala ya went sema walked, badala ya slept sema stayed, badala ya brought sema carried.