Somo: Kuivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba yetu ya leo ni 2³² + 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe), kwa kuwa wadogo zake 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake Leonhard Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Weka kikokotoo kando, tuone.

Hatua ya 1. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu ni 59, basi 3 haimo. Tukiendelea hivi tutachoka: chini ya kipeuo chake cha pili kuna namba tasa 6,542.

Hatua ya 2. Chuja. Euler alithibitisha kuwa kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa 1, kinagawanyika kwa 64. Anza 65, 129, 193, endelea kuongeza 64, ukifuta zisizo tasa. Hadi 641 zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Tano tu! Nne za mwanzo hazigawanyi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu: beba baki, namba kubwa iache.
2¹⁶ = 65,536. Humo 641 inaingia mara 102, baki 154.
154 × 154 = 23,716. Humo 641 inaingia mara 36, baki 640.
Hilo 640 ndilo baki la 2³². Ongeza 1, unapata 641 kamili. Imegawanyika.

Hatua ya 4. Gawanya: 641 × 6,700,417. Zote mbili ni tasa, kwa hiyo namba hii kubwa ina vigawo vinne tu, ukihesabu 1 na yenyewe.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kwa nini umezidisha baki badala ya 65,536?

Marahaba. Kwa sababu 65,536 ni 641 × 102 + 154. Ukiizidisha kwa yenyewe, kila kipande chenye 641 kinagawanyika chote, inabaki kazi ya 154 × 154. Jaribu kwa udogo: 10 kwa 7 baki 3. 100 kwa 7 baki 2, na 9 kwa 7 baki 2 vilevile.

Umejuaje 6,700,417 ni tasa?

Kigawo chake ni kigawo cha namba yetu pia, kwa hiyo chujio ni lile lile. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Zilizobaki kujaribiwa ni 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Zigawanye moja moja, zote zinaacha baki.

Na 2⁶⁴ + 1 je?

Nayo si tasa. Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Anza na 65,536, zidisha kwa yenyewe, beba baki, rudia mara moja tena. Leteni baki zenu hapa tuzilinganishe.